Chupa Isiyojaa

Lori lilipinda kushoto bila kuwasha taa ya ishara.

Kobe aliliona. Akapunguza mwendo, akaiacha Hilux ijikongoje nyuma ya trekta la mchanga kama gari la mtu asiye na haraka na dunia. Casio mkononi ilisoma saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Lori lilikuwa Scania jeupe lenye tangi mgongoni, ubavuni limeandikwa kwa rangi ya buluu: GESI YA VINYWAJI. Sasa nani asiyejua kwamba njia ile ya kushoto haiendi kwenye kiwanda chochote? Inapanda kwenye machimbo ya chokaa yaliyofungwa zamani, na huko juu hakuna wa kunywa soda ila popo.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Uko wapi?"

"Nyuma yake. Anapanda machimboni."

"Mhandisi namtaka hai."

"Namtaka hai kuliko wewe, Mkubwa."

Akazima.

Majasusi wengine hupewa majina ya simba na tai. Huyu alipewa Kobe, kwa sababu katika miaka kumi na sita ya kazi hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Nyumba ilipuke, mtu aanguke, yeye hutoka mlangoni taratibu na miwani yake myeusi kama anatoka kwa kinyozi. Wenzake walimcheka mwendo huo, baadaye wakaacha kumcheka, mwisho wakaanza kumwiga. Haya, sifa ndizo hizo. Lakini leo miguu ilikuwa imetulia na moyo ndio uliokuwa unakimbia, kwa sababu leo kazi ilikuwa imeingia nyumbani kwao.

Miezi minane watoto wa mtaa wa zamani, kule chini mjini, walikuwa wanaumwa tumbo, wanapauka, wanalia bila sababu. Mpwa wake alikuwa mmoja wao, binti wa mdogo wake wa kike, miaka minne. Mwaka uliopita alihesabu mpaka ishirini na kudai apigiwe makofi. Siku hizi akifika tisa anasimama na kumtazama mtu usoni, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Daktari alipima damu yake akakuta madini ya risasi, yale yale yaliyotengenezewa mabomba ya mtaa huo enzi za babu zao.

Mabomba hayo hayakuwahi kumdhuru mtu. Maji ya mji hutoka kwenye pango la mawe ya chokaa, na maji ya namna hiyo hujenga utando mweupe ndani ya bomba, kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Maji yakapita juu ya ukoko, bomba lenyewe yasiliguse. Sasa ukoko ulikuwa umeliwa. Na maji hayali ukoko ila yawe na njaa, na njaa ya maji ni hewa ukaa, gesi ile ile inayotoa povu kwenye soda.

Mtu alikuwa anayatia maji ya mji soda.

Idara ilimjua mtu huyo kwa jina moja tu: Mhandisi. Alitumwa na kampuni ya ng'ambo iliyoitaka chemchemi ile kwa mkataba wa miaka arobaini. Ijumaa baraza la mji lingekaa kusaini, na mji uliotishika husaini chochote unachowekewa mezani. Ujanja wake ulikuwa mbaya kweli: hakumwaga sumu hata tone. Sumu ilikuwa ndani ya mabomba siku zote, yeye aliivua nguo tu.

Lakini kulikuwa na maabara ya maji. Kila Jumatatu chupa za sampuli zilikwenda maabara kupimwa uchachu. Saba maji hayana uchachu. Chini ya saba yanachachuka, na yana njaa. Miezi minane karatasi zilisema saba nukta nne, maji mazuri. Chini ya kila karatasi palikuwa na saini moja, ya mpima maji, mume wa mdogo wake Kobe.

"Shemeji yako amenunuliwa," Mkubwa alisema juzi, na akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kobe alimjua shemeji yake. Ni mtu wa kuomba radhi akikanyaga kivuli chako. Ndiye Kobe mwenyewe aliyemwingiza kwenye kazi ile, maana mpaka miaka sita nyuma Kobe alikuwa mpima maji wa maabara hiyo hiyo. Upimaji ulikuwa joho tu la kujifichia. Kazi yake halisi ilikuwa kukaa dirishani na kutazama nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara, nani anaingia, nani anatoka. Miaka miwili ikaisha, Idara ikamhamisha, naye akamwachia shemeji koti jeupe na kumfundisha kazi kwa siku tatu. Nyumbani wakaambiwa amepata kazi ya kuuza pampu za maji, wakaamini.

Asubuhi hii, kabla ya lori, alipitia maabara. Shemeji alikuwa amekaa kati ya chupa zake, macho mekundu. Akamwambia kwamba wanamshuku, na kwamba haelewi, kwa sababu hajabadilisha kitu, anafanya vile vile alivyofundishwa. Chupa zilipangwa rafuni safi, kila moja na utepe mwembamba mweupe ndani ya kioo, karibu na shingo, mfano wa maziwa yaliyokaukia kwenye bilauri. Kobe aliziona. Akampigapiga shemeji begani, akasema atarudi na habari njema.

Hiyo ndiyo habari aliyokuja kuitafuta. Mhandisi aseme kwa kinywa chake kwamba hakumnunua mtu. Kifungo cha tatu cha shati la Kobe kilikuwa kinasa sauti, na Idara ingelazimika kusikia.

Aliiacha Hilux nyuma ya kifusi, akapanda kwa miguu. Mdomo wa pango la maji ya mji ulikuwa na mlango mpya wa chuma na mlinzi mwenye bunduki, na lori lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, mpira mnene ukitoka tangini na kupita chini ya mlango. Kobe hakuuhitaji mlango. Enzi za koti jeupe aliwahi kuonyeshwa tundu la juu linalotumiwa na popo. Akafunga kamba kwenye jiwe, akawasha taa ya kichwani, akashuka mita kumi na mbili.

Giza. Unyevu. Matone.

Mawe yalining'inia darini kwa mamia, na chini ya kila moja jiwe lingine limeota kulipokea. Kobe alitoa kiberiti cha gesi, akakiwasha mbele ya kifua. Moto ukasimama wima. Akakishusha kiunoni, ukayumba. Akakishusha gotini.

Ukazimika.

Hewa ukaa ni nzito, hulala chini kama maji, na haina harufu wala rangi ya kukuonya. Kwenye pango la namna hii mtu huinama kufunga kamba za viatu asiinuke tena. Wapima maji wana sheria moja humo: tembea wima, hata ukidondosha saa ya babu yako iache.

Akatembea wima. Akaufuata mlio wa pampu mpaka mahali kijito cha chini ya ardhi kinapotoka kwenye mwamba. Mpira wa gesi ulikuwa umezamishwa hapo, hatua hamsini tu kabla ya bomba kuu la mji. Akaelewa kwa nini hapo na si ndani zaidi. Ndani zaidi, maji yangepata muda wa kula mawe ya pango na kushiba. Hapa yalitiwa njaa mlangoni na kusukumwa mjini yakiwa bado na njaa. Ilikuwa kazi ya mtu aliyesoma, na hilo lilimtia Kobe hasira zaidi.

Jiwe likateleza chini ya kiatu chake.

"Nani?"

Walikuwa wawili, bunduki mikononi. Risasi ya kwanza ilipasua jiwe juu ya kichwa chake. Ya pili ikachana mkono wa shati. Kila kilichofundishwa mwilini mwake kilimwambia alale chini.

Hakulala.

Akachomoa spana kiunoni, akaufungua mpira wa gesi kwenye kiungio. Gesi ikatoka ikinguruma, nyeupe, baridi ya kuunguza vidole, ikajimwaga sakafuni na kuwaelekea wale wawili. Kobe akapanda vipago vitatu vya ngazi ya chuma iliyoegemea ukuta, akaubana mwili kwenye mwamba, kidevu juu. Nao wakafanya anachofanya kila askari hodari akiona adui. Walijitupa chini nyuma ya mawe, wakalenga.

Risasi tatu. Kisha mbili. Kisha moja, iliyokwenda darini.

Kisha matone tu.

Kushuka kuwavuta kungemlaza naye, na alilijua hilo, na bado alisimama pale akiwatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Walikuwa vijana wa mshahara. Walikufa kwa kutii mafunzo yao.

Ngazi iliishia kwenye jukwaa la mbao penye pampu, meza, na mzee mwembamba wa sweta, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani kwa kamba. Alipoiona bastola ya Glock mkononi mwa Kobe hakuinua mikono. Alifunga kwanza kifuniko cha chupa yake ya chai, akakaza, ndipo akainua. Kobe akafunga valvu. Pampu ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Saa sita kasoro dakika ishirini mji uliokolewa, na watu wa mji walikuwa wanaendelea kuchota maji.

"Nani wa maabara mlimnunua?" Kobe aliuliza.

"Hakuna."

"Sema kwa sauti."

"Hakuna mtu tuliyemnunua." Mhandisi alizungumza taratibu, Kiswahili kilichonyooka. "Tulikuwa tayari kununua. Nikamtuma mtu amchunguze kwanza yule kijana, mwezi mzima. Akaniletea habari nikacheka, nikasema hapa hatuhitaji kumhonga mtu."

"Habari gani?"

"Chupa zenu hazijai."

Kobe alitaka kuuliza maana yake. Tone lilianguka kutoka darini likampiga begani, na akainua macho bila kutaka.

Jiwe lile lililoning'inia juu yake lilijengwa na matone. Maji yanapenya ardhini yakiwa na gesi, yanakula chokaa, yanaibeba ndani yake isionekane. Yakifika kwenye uwazi wa pango, gesi inatoroka hewani. Maji yakikosa gesi hayawezi tena kuibeba chokaa. Yanaitua, inakuwa jiwe.

Na kwenye chupa isiyojaa?

Gesi inatoka majini, inaingia kwenye uwazi ulioachwa shingoni. Chupa inarushwarushwa kwenye sanduku la pikipiki saa nzima. Ikifika maabara na kufunguliwa, maji yaliyochotwa yakiwa yamechachuka yameshapoa, yamekuwa mazuri, na chokaa yake imeganda kwenye kioo. Utepe mweupe, kama maziwa yaliyokauka.

Mpima maji wa kweli huizamisha chupa, huijaza mpaka pomoni, huifunga ikiwa chini ya maji bila povu hata moja. Kobe alifundishwa hivyo wiki ya kwanza ya kozi. Akaona kero. Chupa iliyojaa inavuja, inalowesha buti la gari, na yeye macho yake yalikuwa kwenye nyumba ya wageni. Nani anajisumbua kushona vizuri joho la kujifichia? Shemeji alipokuja, alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe: acha nafasi kidogo juu, usijitese.

Kijana mtiifu. Miaka sita aliacha nafasi kidogo juu.

"Samahani," Mhandisi alisema, kwa udadisi wa mtu wa fani. "Nani aliyemfundisha?"

Kobe aliishika bastola kwa mikono miwili.

"Mimi," alisema. Kifungo kikanasa.

Mkubwa alikuwa anasubiri chini ya machimbo, ndani ya Land Cruiser yenye kipoza hewa, kikombe cha kahawa mkononi. Vijana wake walikuwa wameshamnyang'anya silaha yule mlinzi wa mlangoni na kumteremsha dereva wa lori. Mkubwa akapokea kifungo Kobe alichoking'oa shatini, akavaa visikilizio, akakisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kupepesa. Alipomaliza alisema kazi nzuri. Ijumaa hakuna atakayesaini kitu. Kuhusu Mhandisi, alieleza kwa uchovu kwamba mzee ana hati ya kibalozi, jioni atapandishwa ndege arudi kwao, na mambo hayo ni ya wakubwa kuliko yeye.

"Na shemeji?"

"Tulimchukua saa tatu. Ameeleza mwenyewe anavyopima, na ameshasaini kwamba aliacha hewa kwenye chupa."

"Umesikia mwenyewe. Hakununuliwa."

"Nimesikia."

"Mimi ndiye niliyemfundisha vibaya. Andika jina langu."

Mkubwa akamtazama kwa huruma, na huruma ya Mkubwa ilitisha kuliko hasira yake.

"Jina lipi? Mtu aliyefanya kazi kwenye ile maabara tulimfuta siku ulipoondoka. Hayumo kwenye faili, hakuwahi kulipwa, hakuwahi kuzaliwa. Mimi nitamwandikaje mtu ambaye hakuwepo?" Akanywa kahawa. "Watoto wameumia, Kobe. Mji utataka kuona uso. Mzee hatuna, na wewe huna uso. Amebaki mmoja."

Kobe akasema ataongea. Atakwenda polisi, atakwenda redioni.

"Nenda. Mtakuwa wawili ndani, na mtoto atabaki bila baba na bila mjomba. Au saa kumi gari letu linakuja kumchukua yeye na mama yake, linawapeleka hospitali kubwa, wanamsafisha damu. Foleni ya kawaida ni miezi mingapi? Unajua." Mkubwa alikitumbukiza kifungo ndani ya kahawa, kikazama. "Gari lije au lisije?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Kobe hakutarajia pole. Alisimama juani nje ya lile gari. Alimfikiria shemeji anayeomba radhi kwa kukanyaga vivuli, amekaa kwenye benchi la mahabusu, akijaribu kukumbuka ni wapi alikosea. Akamfikiria mtoto.

"Lije," alisema.

Nyumbani kwa mdogo wake ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani, zimejaa. Kobe alifunga bomba la jikoni, akalikaza mpaka mkono ukamuuma, akaanza kumwaga ndoo moja moja. Alimwambia mdogo wake asitumie tena maji yale, si ya kunywa wala ya kupikia. Akamwambia kuna gari la hospitali litakuja saa kumi. Mdogo wake aliuliza mpaka lini. Kobe akasema mpaka mabomba yang'olewe, au ukoko uote upya. Akaulizwa utaota lini, akakumbuka yale mawe ya darini, urefu wa kidole kwa maisha ya watu wangapi.

"Utachukua muda," alisema.

Mpwa wake alikuwa mlangoni, mwembamba, akimkagua kwa makini.

"Mjomba, kifungo chako kimoja hamna."

"Kimeanguka."

"Umekitafuta?"

"Nimekitafuta, mama."

Mdogo wake alimfuata mpaka kizingitini. Macho yalikuwa makavu. Machozi alikuwa ameyamaliza tangu saa tatu. Daktari alikuwa amemwambia ukweli tangu zamani, kwamba madini yaliyo kwenye damu yanaweza kutolewa, lakini kilichokwisha kuharibika kichwani hakirudi. Hilo alikuwa amelipokea. La mumewe ndilo lililomshinda kumeza.

"Kaka, wanasema alifanya makusudi," alisema. "Wewe ulikuwa pale. Wewe ndiye uliyemfundisha ile kazi, mkono kwa mkono. Nenda kituoni ukawaambie alikuwa anafanya ulivyomwonyesha. Wewe watakusikiliza."

Kobe alivaa miwani yake myeusi.

"Nitaenda," alisema.

Akatoka. Barabara ilikuwa na jua kali la saa nane. Kwenye kona, kulia kulikuwa na kituo cha polisi na bendera yake. Kushoto kulikuwa na Hilux yake. Alitembea mwendo wake ule ule, mabega yametulia, mwendo unaoigwa na vijana wa Idara mpaka leo. Nyuma yake, mlangoni, mtoto alianza kuhesabu hatua zake kwa sauti, kama walivyozoea kucheza.

"Moja. Mbili. Tatu."

Hakugeuka.

"Saba. Nane. Tisa."

Kobe alisubiri kumi. Alipunguza hatua, akasubiri tena, mguu mmoja juu ya ukingo wa barabara.

Kumi haikuja. Akapinda kushoto.